Kalipa za Njano za Gari la Rajab

Kabla hujanunua rangi, mwanangu, inama kwanza uchungulie gurudumu la gari lako. Kama huioni kalipa, yaani kile chuma kinachobana diski ukikanyaga breki, rudi ndani ukanywe chai. Kuna shabiki mmoja wa mpira hapa jirani, Onduparaka, aliyeshinda kutwa nzima chini ya gari lake akipaka kalipa rangi ya timu yake. Akamaliza, akarudisha magurudumu, akasimama kando kujionea. Hakuona kitu. Rimu zake zilikuwa za chuma cha kawaida, zenye vitundu kama chujio, na juu yake kuna vifuniko vya plastiki. Rangi yote ilikuwa imefungiwa ndani. Akaenda nalo uwanjani hivyo hivyo, na kila aliyemsalimia aliombwa ainame.

Mimi nimepaka magari Arua kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilipanga wiki chache. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, nikarudi nyumbani kungoja kazi ya ofisini, na wakati nangoja kaka yangu mwenye gereji akaniomba nimshikie brashi. Sijui kama kule ofisini bado wananifikiria. Hivi karibuni daktari alinisikiliza kifua, akauliza navuta nini. Nikamwambia thina ya rangi. Akasema basi, inatosha. Kwa hiyo sasa nimestaafu, naketi barazani kama mtu mwenye mali, na nyinyi vijana mnapita na simu zenu mkinionyesha watu wa mbali wanaopaka kalipa katika gereji zenye sakafu safi kuliko sahani zangu. "Madam Rangi, hii sisi tunaweza?" Mnaweza. Tena mnaweza uani kwenu, kwenye udongo, kuku wakipita. Ila kuna mambo ambayo video haiwaambii, na moja ya hayo nililiona Koboko kwenye arusi.

Nitafika huko. Kwanza kuosha.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Candia, mtu wa Aroi, mrefu, mpole, mwenye leso moja nyeupe ya kwendea kanisani. Ukimaliza kusugua chuma chako kwa brashi ya waya na sabuni, ukamwita, alikuwa anatoa leso ile mfukoni, anaifunga kwenye kidole, anaipitisha pale. Halafu anakuonyesha kidole.

"Osha," anasema.

"Nimeosha, fundi."

"Hapana. Umelowesha tu."

Nililowesha miezi mingi. Mke wake, aliyekuwa akifua leso ile, alinichukia kabla hajaniona. Siku moja alikuja gerejini kutazama ni mtu gani anayepeleka grisi kanisani kila Jumapili, akakuta ni msichana mwenye shahada. Akacheka mpaka akashika mlango. Tangu siku hiyo akawa ananiletea mihogo.

Kwa hiyo osheni. Kalipa imekaa pale miaka yote ikila unga wa breki, tope na grisi, na juu ya uchafu huo rangi haikai. Itabanduka kama ganda la yai. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu mengine kwa mawe, na usiamini jeki peke yake. Weka stendi au gogo nene chini ya chesisi. Toa gurudumu. Sugua, osha kwa sabuni, acha pakauke kabisa, kisha funika diski kwa gazeti na tepu. Si lazima uifungue kalipa. Ukiifungua, usiiache ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya, maana mpira ule ukikatika ndani hutajua mpaka siku unayouhitaji. Usipake vile vimpira. Usipake pini zinazoteleza. Usipake ile nati ndogo ya kutolea hewa, kwa sababu makanika atakayekuja kuifungua atakutaja kwa jina. Rangi iwe nyembamba, kwa brashi ndogo, mkono mmoja, ungoje, mkono mwingine. Kama unapenda kumaliza haraka, paka ukuta.

Rangi yenyewe iwe ile ya kuvumilia moto. Mfanyabiashara mmoja wa maharage alipaka kalipa zake kwa rangi iliyobaki ya geti. Geti halikanyagwi breki. Aliposhuka mlima mmoja na mzigo wake, moshi ukaanza kutoka magurudumuni, rangi ikatokota kama uji, na watu waliokuwa wakinywa kwete, pombe yetu ya mahindi, kando ya barabara wakaja mbio na kile walichokuwa nacho mkononi. Waliimwaga kwete yote. Mpaka leo wanamhesabia lile jambo kama ukatili.

Na msipake nyekundu. Najua nyekundu ndiyo inayopendwa. Lakini vumbi letu pia ni jekundu, na baada ya wiki moja hakuna atakayejua kama umepaka au umechelewa kuosha gari. Pakeni njano.

Rajab alipaka njano. Ndiye niliyetaka kuwaambia habari zake.

Rajab alikuwa kijana wa Kiislamu wa hapa Arua, familia ya wanajeshi wa zamani kama nyingi za mtaa wao, mtoto wa jirani yangu. Alikuwa na sedani nyeupe aliyoiokota nyuma ya gereji moja, nyasi zikiwa zimeota kupitia sakafu. Aliifufua polepole, leo mlango, mwakani injini. Mchumba wake Safia, binti wa Koboko, ndiye aliyechagua vitambaa vya viti. Walikuwa wameambiana kwamba siku ya arusi Safia atatoka kwao ndani ya gari lile na si lingine. Rajab alilitaka hilo kuliko hema, kuliko suti, nadhani hata kuliko pilau.

Kizuizi kilikuwa Mzee Abdalla, baba yake Safia. Mzee Abdalla aliendesha malori ya jeshi ujana wake wote, na ndiye aliyemfundisha binti yake kuendesha pikapu kabla hajamfundisha kufunga baiskeli mzigo. Akatuma neno Arua: gari lije Koboko siku moja kabla ya arusi, apate kulijaribu mwenyewe. "Binti yangu hapandi gari mimi sijaisimamisha kwa mguu yangu." Likifeli, Safia atapelekwa Arua kwa pikapu ya baba yake, na bwana arusi atakaa nyuma pamoja na magodoro.

Basi Rajab akafanya breki zote upya, pedi, mafuta, kila kitu. Na kwa kuwa alikuwa na rimu za spoti zenye uwazi mkubwa, na kalipa za mbele zinaonekana vizuri, akaja kwangu kuomba tuzipake, ziwe za arusi. Tulizipaka uani kwangu. Nilimlazimisha kuosha mpaka akauliza kama anaoa au anaingia jeshini. Zilitoka njano safi, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Akasema, "Madam, twende wote Koboko. Kama kitu kikiharibika, wewe uko hapo." Nilikubali haraka mno kwa mtu anayejiheshimu. Napenda arusi.

Safari ilikuwa nzuri, breki zilishika kila mahali. Tulifika Alhamisi jioni, tukaliacha gari uani kwa Mzee Abdalla, juu kidogo, maana ua wake umeinama kuelekea jikoni. Tukalala.

Asubuhi ya Ijumaa Mzee Abdalla alitoka amevaa buti. Mtu mfupi, mnene, masharubu meupe. Akalizunguka gari mikono mgongoni. Akainama kwenye gurudumu la mbele.

"Mama fundi. Hii kitu ya njano iko fanya kazi gani?"

"Iko pamba tu, mzee. Kazi yake ni ile ile."

"Gari inavaa hereni," akasema, akiwaambia wote waliokuwa uani. "Lori yangu breki yake ilikuwa sura mbaya, lakini ilisimama. Sura haisimamishi gari." Akaingia, akawasha, akaliacha lishuke taratibu ule mteremko wa uani, mwendo wa mtu anayetembea. Katikati akakanyaga breki.

Gari likaendelea.

Halikwenda kasi. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe baya zaidi, kwa sababu kila mtu alipata muda wa kutazama. Breki za nyuma zilijitahidi, ukaona gari linataka kusimama, linaomba kusimama, lakini za mbele zilikuwa zimekataa kabisa kushirikiana. Mzee Abdalla alipita mbele yetu ameketi wima, uso umekaza, kama anakagua gwaride. Wapishi walisogea. Sufuria kubwa haikusogea. Bampa likaigusa, ikalia ting, ndipo Mzee akavuta breki ya mkono na gari likatulia.

Rajab alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Dirishani niliona uso wa Safia, kisha pazia.

Mzee akashuka, akafunga mlango polepole sana.

"Pikapu," akasema.

"Mzee," Rajab akasema, "jana tumeshuka kutoka Arua na hii breki, wallahi ilikuwa inashika."

"Jana ilikuwa jana. Kesho unabeba binti yangu. Wewe na magodoro, mutaelewana."

Akaanza kuondoka. Halafu akasimama, akanusa. Akarudi, akanusa tena, karibu na gurudumu. Mimi pia nilikuwa nimeisikia. Breki zilizopata moto zina harufu yake, chungu, kama kucha iliyoungua. Hii ilikuwa tamu. Ilikuwa udi, karafuu na kitu kingine kama sandali.

"Mbona hii gari inanuka bibi arusi?" Mzee akauliza.

Nilipiga magoti, nikapitisha kidole ndani ya rimu mpaka kwenye diski. Kikarudi kinang'aa. Mafuta. Nikanusa kidole, nikageuka taratibu kuwatazama shangazi zake Safia, waliokuwa wamekaa mkekani kando ya jiko wakimenya vitunguu kwa bidii ambayo sijapata kuona.

Katika familia ile, gari la arusi halitoki bila kupakwa mafuta ya arusi, yale yale anayopakwa bibi arusi. Shangazi wanapaka kidogo kwenye boneti, juu ya taa, wanasema dua, basi. Ni jambo zuri, na miaka yote halikumdhuru mtu, kwa sababu miaka yote magari yalikuwa na magurudumu meusi yasiyovutia. Hakuna shangazi aliyewahi kuona kalipa.

"Hajati Zamzam," nikamwita mkubwa wao. "Mlipaka gari mafuta tulipolala?"

"Tulipaka baraka."

"Wapi?"

"Kwa uso."

"Na wapi tena?"

Kitunguu kikamenywa mpaka kikaisha.

"Na kwa hizi njano," akasema. "Mambo nzuri namna hii, tukaona zimekauka kama mguu ya mutoto. Tutaacha bibi arusi anapanda gari yenye mguu kavu? Watu watasema sisi hatuna mafuta."

"Na ile sahani ya chuma iliyo nyuma yake?"

"Hiyo ilikuwa inang'aa. Tuliongeza, ing'ae zaidi."

"Mkono wangu mwembamba," akasema shangazi mdogo, kwa fahari kidogo. "Ulifika mpaka ndani."

Kwanza akacheka mpishi mmoja, akageuka upande. Halafu nikacheka mimi, na mimi nikicheka sijui kuacha. Rajab peke yake hakucheka. Aliinama mbele ya Mzee Abdalla, akasema, "Baba, nipe mpaka jioni. Kama jioni haishiki, mimi mwenyewe nitapanda kwa magodoro."

Mzee alimtazama yeye, akawatazama dada zake, akaitazama sufuria. "Mpaka alasiri," akasema. "Sasa ni Ijumaa. Twende tusali."

Vijana, sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Mafuta kwenye diski ni adui. Mtu wa haraka atachukua thina au petroli amwagie kila kitu. Thina itatoa mafuta, na rangi mpya ya kalipa itaondoka nayo, na petroli itakula vile vimpira. Tulifanya hivi: magurudumu yalitoka, pedi zikatolewa na kutupwa. Pedi iliyokunywa mafuta usiihurumie. Najua kuna watu wanaoichoma kwenye sigiri ya makaa na kuipiga msasa. Waache wao, wana roho nyingi. Kalipa tulizifunika kwa nailoni, diski zikapanguswa kwa kitambaa chenye thina kidogo, kisha kila kitu kikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

Nasema tulifanya, lakini wanaume wote walikuwa msikitini. Walioosha ni shangazi. Hajati Zamzam alikunja gauni, akakaa juu ya debe mbele ya gurudumu la kulia, akamweka mdogo wake la kushoto, na wakaanza kushindana. Mimi nilitembea katikati yao kama mkaguzi wa shule. Kila waliponiita nilichukua leso safi, nikaifunga kidoleni, nikaipitisha.

"Osha, Hajati."

"Nimeosha."

"Umelowesha tu."

"Huyu mwanamke," akawaambia wenzake, "alizaliwa kwa watu gani?"

Nilikuwa nikiingoja siku ya kusema maneno yale tangu nilipoambiwa mimi. Nikayasema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwishowe Zamzam aliivua leso yake mwenyewe ya kichwani, nyeupe pe, ya kuvalia arusi, akaipitisha kwenye diski, akaniwekea machoni. Ilikuwa nyeupe vile vile. Nikainamisha kichwa, kwa heshima. Halafu wakapiga vigelegele kwa ajili ya diski.

Duka la spea lilifunguliwa baada ya sala. Rajab alirudi na pedi mpya, akazifunga mwenyewe, kanzu imekunjwa kiunoni. Bolti ya kwanza ilimponyoka mara mbili, nikamwambia ataje kila moja kwa sauti anapoikaza, kama mtoto anayesoma. Ikamtuliza. Kabla hajashusha jeki nilimkalisha ndani, nikamwambia akanyage pedali, aachie, akanyage, mpaka iwe ngumu kama jiwe. Hili msilisahau kamwe. Ukisukuma pistoni nyuma ili pedi mpya ziingie, mkanyago wa kwanza hauna kitu, pedali inazama mpaka sakafuni, na wengi wamelijua hilo wakiwa tayari barabarani. Kisha akalipeleka gari polepole barabarani na kurudi, anakanyaga kidogo kidogo, pedi mpya zizoeane na diski. Akashuka, akaenda kunawa mikono.

Mzee Abdalla alikuja baada ya alasiri. Alinusa kwanza. Akaonyesha mkekani.

"Zamzam. Wewe na wenzako, ingieni."

"Sisi? Kwenda wapi?"

"Breki inajaribiwa na mzigo. Mzigo ni nyinyi, na makosa ni yenu. Panda."

Wakapanda, wanne, wakibanana na kulalamika, mwenye mkono mwembamba akakalishwa mbele. Gari likainama nyuma. Wakatoka getini, wakashika barabara ya kwenda Midia, na sisi tukabaki tumesimama uani bila la kufanya. Rajab alikuwa anatafuna kidole gumba. Safia alikuwa ametoka sasa, amesimama mlangoni na hina yake ambayo haijakauka, mikono ameinyosha mbele. Alimtazama Rajab, akaitazama barabara.

Tulilisikia kabla ya kuliona, kwa sababu ya kelele za shangazi. Mzee aliingia getini kwa mwendo uliotufanya wote turudi nyuma. Akaja nalo mteremko mzima wa ua, moja kwa moja kuelekea jikoni, wapishi wakaruka, na pale pale alipofeli asubuhi, akakanyaga.

Gari lilisimama kama limepigwa msumari. Vumbi likalipita. Ndani, shangazi wote watatu wa nyuma walikuwa wamehamia viti vya mbele.

Mlango ukafunguka, Zamzam akatoka akiwa ameshika kichwa, leso imeangukia shingoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Inashika."

Mzee Abdalla alishuka, akalizunguka gari, akainama tena kwenye ile njano. Nadhani aliitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akampa Rajab ufunguo mkononi.

"Kesho saa nne. Usichelewe. Na hiyo mafuta yenu," akawaambia dada zake, "pakeni bwana arusi."

Hakujua anasema nini. Au alijua. Shangazi walikuwa na hasira ya kutikiswa, na chupa ilikuwa imejaa. Walimshika Rajab pale pale, wakampaka uso, shingo, mikono mpaka viwiko, nywele, kila mahali palipokuwa pakavu, huku akiomba msaada kwangu na mimi nikiwa sioni kwa machozi ya kucheka. Walipomwachia aling'aa kama taa. Akaingia garini kulisogeza kivulini, na mikono ikateleza kwenye usukani, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuweza hata kugeuza ufunguo.

"Mafuta ya arusi haitoki siku moja," Zamzam akasema, akijifuta mikono. "Hata kwa sabuni."

Safia alitazama mikono yake ya hina, akatazama ile ya Rajab.

"Basi kesho naendesha mimi," akasema.

Rajab akageuka kumtazama baba mkwe. Mzee Abdalla alikuwa anachungulia ndani ya sufuria, kama mtu asiyesikia, lakini masharubu yake yalikuwa yanacheza.

Na aliendesha yeye, shela imefungwa nyuma ya kiti isimsumbue, bwana arusi kando yake akishikilia mkanda kwa vidole vinavyoteleza, mimi na Hajati Zamzam nyuma. Koboko mpaka Arua breki zilishika kila mteremko, na harufu yote ya arusi ilitoka kwa Rajab.